Mpini wa Kiwiko

4 Februari

Mdogo wangu Spoki,

Salamu zangu zikufikie wewe na Mama hapo nyumbani. Huku mvua imekatika, karakana imekauka, na mimi ni mzima. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni jirani yangu mshonaji, ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Siku hizi mambo ni mengi, sipati nafasi ya kukaa na kalamu.

Sasa neno lenyewe. Alhamisi ijayo dereva wa lori la saruji atakushushia mashine yangu ya kukereza mbao. Ndiyo, hiyo hiyo, yenye miguu ya chuma na mota ya kijani. Nataka ikae kwako. Kwenye banda lako la baiskeli, kule nyuma, umejaza fremu mbovu ambazo hutazitengeneza hadi unazeeka. Zitoe, uiweke hapo. Pawe pakavu. Shafti uipake mafuta kila wiki hata kama huitumii. Na ukitaka kuitumia, itumie. Miaka mingi ulikuwa ukiniomba nikufundishe, nami nikawa nasema kesho.

Inakuja tupu. Sahani ya kushikia mbao, kiegemeo cha patasi, vishikio vya mabakuli, havipo vyote. Usiniulize viko wapi. Patasi tano zimo kwenye gunia, zimefungwa kwa kitambaa. Usizinoe kwenye jiwe la kunolea visu, nitajua hata nikiwa huku.

Mama akiuliza, mwambie napunguza vitu karakanani. Basi.

Dada yako.

27 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana na redio kama kawaida, na ameanza kupanda mchicha kwenye matairi yangu ya zamani bila ruhusa.

Mashine imefika salama. Tulihitajika watu sita kuishusha, na mmoja wao, fundi wa kuchomelea wa jirani, bado anatembea ameshika kiuno. Mama alitoka, akaizunguka mara mbili, akaipapasa ile mota. Akasema, "Binti yangu hampi mtu mashine yake. Muulize kuna nini." Nikamwambia umesema tusiulize. Akasema, "Basi mwambie sijauliza."

Kwa hiyo nakuarifu kwamba Mama hajauliza.

Sasa sikiliza maajabu. Mashine bila sahani ni kama baiskeli bila ringi: inazunguka, lakini haikufikishi popote. Nikaulizia sahani madukani, nikaambiwa haipo, iagizwe, isubiriwe. Mimi siwezi kusubiri, unanijua. Nikaingia kwenye pipa langu la vyuma, nikajaribu nati moja baada ya nyingine kwenye ile shafti. Ya kumi na nne, iliyotoka kwenye trekta bovu, ikaingia kama imezaliwa humo. Nikachukua sproketi ya baiskeli, ile kubwa ya kwenye pedeli, nikampelekea fundi wa kuchomelea, nikamwambia, "Niunganishie hivi viwili, katikati kabisa." Akaniuliza, "Katikati kiasi gani?" Nikamwambia, "Kiasi kwamba dada yangu akiiona asitukane."

Jaribio la kwanza liliyumba kama mlevi. La pili pia. La tatu nilifunga njiti ya gurudumu mbele yake kama ninavyonyoosha ringi, nikagonga kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikazunguka bila kugusa njiti. Dada, nina sahani! Matundu ya sproketi yale yale ndiyo ya kupitishia skrubu. Nimefunga kipande cha mbao, nimewasha, nimekitazama kikizunguka kwa robo saa nzima bila kukigusa. Wateja wakafikiri nimepata kichaa.

Sasa nifanye nini?

Spoki.

20 Machi

Mdogo wangu,

Tumefurahi kusikia mko wazima. Mshonaji anakusalimu. Anasema unaandika kama unavyoongea, na kwamba alicheka hadi akashona kidole.

Sproketi! Ulipofika hapo nilimwambia mshonaji arudie. Ni kazi nzuri. Sisemi zaidi, usije ukavimba kichwa.

Sasa tengeneza kiegemeo. Chukua chuma cha pembe, ukilaze juu ya bomba, kichomelewe imara, kisha ukipige tupa hadi kidole kipite juu bila kukwaruzwa. Na ukikifunga, kikae karibu na mbao. Upana wa kidole kimoja. Kabla ya kuwasha, izungushe mbao kwa mkono uone kama haigusi. Mbao ikipungua, zima, ukisogeze tena kiegemeo. Kidole kimoja. Mbao yenye ufa usiifunge kabisa, hata kama ni nzuri, hata kama mteja anasubiri.

Kwa bakuli huhitaji kishikio cha dukani. Kereza kipande cha mbao laini, kichimbe shimo lenye ukubwa ule ule wa mdomo wa bakuli, weka karatasi kidogo, ulibane bakuli humo kwa kiganja. Likikaza, unaweza kumaliza kitako chake. Likilegea, ongeza karatasi. Vingi vya vishikio vyangu vilikuwa hivyo. Mwenye mashine ya kukereza anayenunua kila kitu hajajua ana nini mkononi.

Huku hakuna jipya. Mkandarasi anayekarabati ule ukumbi wa zamani wa mjini alikuja. Ngazi zake zimekatika nguzo za ubavuni thelathini na sita, anataka zifanane na zilizobaki. Alikumbuka ni mimi niliyezitengeneza. Nikamwambia atafute kwingine, mimi nimepunguza kazi.

Kiegemeo, Spoki. Kidole kimoja. Si viwili.

Dada yako.

16 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Mama mzima, mchicha umeota, na sasa ananiuzia mimi mwenyewe mchicha wa kwenye matairi yangu.

Nina bakuli! Lina kitako kinene kama moyo wa mwenye nyumba, lakini ni bakuli, linakaa mezani, na Mama ameweka vitunguu humo. Kiegemeo nimekitengeneza kama ulivyosema. Kishikio cha shimo na karatasi kilinirushia bakuli mara mbili kabla hakijakubali, ila nilikuwa nimesimama pembeni na nimevaa miwani ya kuchomelea, kwa hiyo aliyeumia ni ndoo tu.

Kuna kingine nimekibuni. Nilijaribu kukereza mpini mrefu wa jembe, ukawa unapiga mawimbi katikati na kulia kama paka. Nikachukua beringi tatu za habu ya gurudumu, nikazivisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi, nikazifunga kwenye duara la plaiwudi ili ziishike mbao katikati, huku mbili na huku moja. Kelele ikaisha pale pale. Fundi wa kuchomelea alisimama mlangoni, akavua kofia. Sasa wakulima wanakuja kwangu kwa mipini kuliko kwa pancha.

Hapo ndipo furaha yangu inapoishia, Dada, kwa sababu barua yako nimeisoma mara nyingi. Kidole kimoja umekitaja mara tatu. Nilipomsomea Mama, mara ya kwanza aliitikia kwa kichwa. Mara ya pili alizima redio. Mara ya tatu akasema, "Hapo pana kitu."

Mimi ni fundi baiskeli. Mtu akiniletea baiskeli, akasema ni nzima, huku usukani umepinda, pedeli ni ya kuazima na yeye mwenyewe haipandi, mimi najua imeanguka. Wewe umeitoa mashine yako. Barua zako anaandika mtu mwingine. Mkandarasi anakuja na kazi ambayo mtu mwingine angeipigania, na wewe unamwambia aende kwingine.

Mkono wako una nini?

Spoki.

19 Juni

Spoki,

Naandika kwa kushoto. Vumilia mistari.

Nimekaa na barua yako miezi miwili. Mshonaji aliniuliza kila wiki kama kuna majibu ya kuandika, nikamwambia hakuna.

Ilikuwa Oktoba. Mbao ya bakuli kubwa, ina ufa, nikauona, nikajiambia utaisha nikifika ndani. Kiegemeo kilikuwa mbali, vidole vitatu, nikaona uvivu kuzima mashine nikisogeze. Miaka ishirini na mbili kazini. Patasi ikakamatwa, mbao ikapasuka, mpini ukanipiga kifundo cha mkono wa kulia. Kilivunjika mahali pawili.

Dole gumba na cha shahada vinafanya kazi. Vitatu vilivyobaki havifungi. Daktari anasema vitakaa hivyo.

Nilipotolewa plasta nilirudi karakanani, nikawasha, nikashika patasi. Ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Siku hiyo hiyo nikamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Akabeba sahani, kiegemeo, kila kitu. Mashine ilimshinda uzito. Alipokwenda kuita wenzake nikaona aibu, kama nimemwita mtu aje kumchukua mgonjwa. Nikafunga mlango. Ndipo nikakukumbuka wewe.

Sasa umejua. Usimwambie Mama. Na usinihurumie, sitaki.

Dada.

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Sikuhurumii.

Mama nimemwambia. Naomba radhi, lakini wewe hukai naye nyumba moja. Hakulia. Alinuna siku mbili, hakugusa mchicha wala redio. Siku ya tatu akaja bandani, akakaa kwenye kreti, akauliza, "Dole gumba linafanya kazi?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Na hicho kingine?"

"Nacho."

"Na kiwiko, na bega?"

"Vizima."

Akasimama. "Basi hajakatwa mkono. Mwambie aache upuuzi."

Mimi naongeza langu moja tu. Nahitaji vipimo. Kutoka kiwiko hadi kifundo. Unene wa mkono chini ya kiwiko. Na ukisimama wima, kutoka sakafuni hadi kiwiko ni urefu gani. Usiulize ni vya nini. Tangu Februari mimi sijaruhusiwa kuuliza, sasa ni zamu yako.

Spoki.

20 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie upuuzi wangu haujambo.

Leo mshonaji ndiye anaandika, mkono wangu wa kushoto umechoka. Nakueleza yaliyopo ili tusisumbuane. Mwenye nyumba anataka chumba cha karakana akifanye ghala. Nimekubali, funguo nitamkabidhi mwisho wa Septemba. Kuna duka la vifaa vya shule linatafuta mtu wa kukaa kaunta. Nimekwenda kuongea nao. Kiti kina mto.

Yule mkandarasi amerudi. Safari hii alikuja na nguzo moja ya zamani ameifunga kwenye gazeti. Akaniambia ameshawapa mafundi wawili, wote wamemletea vitu kama miguu ya meza. Ile shingo yake hawaipati. Nikamwambia na mimi pia hanipati. Akaondoka, nguzo ameiacha juu ya meza yangu, sijui kwa kusahau au kwa ujanja. Nimeigeuzia ukutani.

Vipimo sikupi. Mimi si suruali.

Dada yako.

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, ananiambia niandike haraka, ana maneno yake mwishoni.

Kwanza, usimkasirikie mshonaji. Ndani ya bahasha yako nilikuta kipande cha karatasi ya kukatia nguo, kina vipimo saba wakati mimi niliomba vitatu. Chini ameandika: "Nimempima kwa kisingizio cha gauni. Sasa itabidi nimshonee gauni kweli." Kama una gauni jipya, ndiyo sababu.

Sasa nakueleza nilichokifanya, na usome hadi mwisho.

Nilikaa nikafikiri: patasi inashikwa na nini? Mkono wa kushoto uko mbele, unaiongoza juu ya kiegemeo. Wa kulia uko nyuma, unabana mpini usiruke. Kubana ndiko kulikokushinda. Basi kwa nini vidole ndivyo vibane, wakati kuna mkono mzima nyuma yao?

Nimekereza mpini mrefu, unapita chini ya mkono wako hadi kwenye kiwiko. Kule nyuma nimeweka kipande cha bomba la plastiki la maji. Nimelipasha moto, nikalifungua likawa kama mfereji, nikalitandika mpira wa ndani wa tairi, laini kabisa. Mkono unalala humo, mkanda wa begi unapita juu, chini kidogo ya kiwiko. Dole gumba na mwenzake kazi yao ni kugeuza tu. Nguvu inatoka begani.

Jaribio la kwanza lilivunjika. La pili nilifunga mkanda kwenye kifundo, patasi ikawa inajigeuza yenyewe kama samaki. La tatu ndilo hili. Mkanda hauna tundu la kunasa: ukivuta mkono nyuma kwa nguvu, unachomoka. Nimelijaribu hilo mara hamsini, mashine ikiwa imezimwa, kabla ya kitu kingine chochote.

Na sikutaka kukuletea kitu nisichokijua. Kwa hiyo nilivifunga vidole vyangu vitatu kwenye kiganja kwa kipande cha mpira, siku nane. Nilikula hivyo, nikaziba pancha hivyo, nikafunga vifungo vya shati hivyo. Mama alicheka hadi akakaa chini. Siku ya tatu hakucheka tena, akaanza kunitazama. Nami nikaelewa ulikuwa unaishi vipi tangu Oktoba, wewe peke yako, na jinsi ulivyokuwa ukinificha kwa maneno machache kwenye barua.

Siku ya nane nikafunga mbao, kiegemeo kidole kimoja, nikavaa mpini, nikawasha. Dada, nilikata pete kwenye mbao. Pete safi, ina ncha mbili kali, haikuhitaji hata msasa. Nilipiga kelele mteja akaangusha pampu.

Vipo na vingine. Kiegemeo kipya nimekitoboa matundu, nimeweka kigingi ambacho patasi inajiegemeza ubavuni isikimbie. Na zile beringi tatu zinakuja pia, kwa kuwa nguzo za ngazi ni ndefu.

Nimejaribu mwenyewe kukereza nguzo yenye shingo kama uliyoitaja. Imetoka mguu wa meza. Kwa hiyo ninachokuhitajia si huruma.

Lori la saruji linarudi huko tupu tarehe 12 Septemba. Mimi na mashine tumo. Barua yako ya kukataa itanikosa, nitakuwa njiani.

Mama anasema: "Kwenye kiti chenye mto atakaa akiwa na umri wangu."

Spoki.

23 Novemba

Mdogo wangu Spoki,

Pokea salamu ndefu kutoka kwangu, na fupi kutoka kwa mshonaji, ana gauni la harusi mezani. Mimi ni mzima. Na safari hii nikisema mzima, nimemaanisha.

Utaona mwandiko umelala kidogo. Ni wa kulia. Nimekereza kalamu nene kama gunzi la hindi, nikatoboa katikati, nikapachika bomba la wino. Dole gumba na mwenzake wanaipenda. Barua hii ina siku tatu, lakini ni yangu.

Ulipoondoka Oktoba tulikuwa nguzo ya kumi na nane ya mkandarasi, na hatukuagana vizuri kwa sababu wewe ulikuwa unakimbilia lori na mimi nilikuwa na msasa mdomoni. Kuna mambo sikukuambia.

Siku uliyofika nilisema nakufungulia mlango kwa sababu mawingu yametanda na mashine italowa. Mawingu hayakuwepo. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimefagia pale pale inapokaa.

Kesho yake ukasema unakwenda kutafuta chai na mshonaji, ukaniacha na ule mpini juu ya meza. Mlikuwa dirishani, wote wawili. Kivuli cha kichwa chako kilikuwa juu ya mashine. Nilivaa ule mkanda nikiwa nimeamua kukuonyesha kwamba haiwezekani, ili urudi nyumbani. Nikaigeuza ile nguzo ya zamani kutoka ukutani, nikaiweka mbele yangu. Nikafunga mbao. Nikasogeza kiegemeo. Nikawasha.

Patasi ilipogusa, ilitaka kuruka. Niliisikia kabisa, kama kamba inayovutwa. Nikafumba macho, kosa ambalo wewe ukilifanya ningekupiga. Halafu haikuruka. Ule uzito ulikuja mkononi, ukapanda kwenye kiwiko, ukafika begani, ukaishia hapo. Nilipofumbua macho, maranda yalikuwa yanatoka marefu, mororo, yananiangukia viatuni. Mwaka mzima sikuwa nimeona maranda yangu.

Ulipoingia ukaniuliza, "Vipi?" nikakujibu kwamba mpini ni mrefu mno. Nilijibu hivyo kwa sababu lingine lolote lingenitoa machozi mbele ya mshonaji. Lakini ni mrefu kweli. Nimeukata vidole vinne.

Unakumbuka wiki ya kwanza, nguzo mbili tu wiki nzima, na nyingine tatu kwenye kuni. Ulipoondoka nilikuwa nafikisha nne kwa siku. Nilikata bati nikalichora umbo la nguzo, nikawa naliegemeza kwenye mbao kuona mwanga unapopita. Wiki iliyofuata ikawa tano kwa siku. Mwisho bati sikuligusa. Ile shingo inayowashinda watu haipo machoni, Spoki. Ni namna ya kushusha bega. Sikulijua hilo miaka yote hiyo, nilifikiri ni vidole.

Mwenye nyumba alikuja kwa ajili ya ghala lake. Si unajua nilimsogeza mbele mara mbili. Alinikuta katikati ya nguzo ya ishirini na saba, sikuzima mashine. Alisimama hapo anapokea vumbi kwenye koti lake jeusi mpaka nikamaliza. Akaniuliza, "Huo mkono umevaa nini?" Nikamwambia, "Kazi ya mdogo wangu." Akaishika nguzo, akaipapasa kutoka chini kwenda juu, akairudisha taratibu kama yai. Kisha akasema mkewe anatafuta viti sita vya kukalia barazani. Neno ghala halikutoka mdomoni mwake tena. Lile duka la vifaa vya shule nimewapelekea shukrani, na nimewakerezea mpini wa muhuri, ule wa zamani ulikuwa umepasuka.

Jumamosi walifunga nguzo ya mwisho. Mkandarasi aliniita. Nikavaa lile gauni. Mafundi wake walikuwa wamezichanganya mpya na za zamani, wamepaka rangi moja, na yeye akasimama chini ya ngazi akajigamba mbele yao: "Mimi macho yangu hayadanganyiki. Za zamani ni ile, ile, na ile pale."

Wote wakanigeukia.

Nikapanda taratibu, nikaigusa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia, "Zote tatu ni za mwezi uliopita."

Kelele iliyotoka humo, Spoki! Mmoja wao alipiga nyundo juu ya ndoo. Mkandarasi mwenyewe alicheka hadi akakaa kwenye kidato, kisha akanishika mkono. Wa kulia. Alinishika kwa nguvu, hajui habari zake, na mimi sikuuvuta. Kuna ukumbi mwingine ameupata, una roshani pande mbili. Amenionyesha mchoro. Sijazihesabu nguzo zake, niliogopa kupiga kelele mbele ya watu.

Sasa nijibu swali lako. Kwenye kile kikaratasi ulichompa dereva umeuliza uje lini na lori kuichukua mashine, kwa kuwa wakulima wanakusumbua na mipini yao. Jana nimetoboa sakafu, nimeifunga kwa bolti nne, nimezimiminia saruji. Imekauka. Nimeipiga teke, haikutikisika.

Tengeneza ya kwako. Aliyeweza kutengeneza kila kinachofungwa kwenye mashine, mashine yenyewe haitamshinda. Anza na miguu, iwe mizito.

Usije na lori. Njoo na Mama, nimpandishe zile ngazi.

Dada yako,
mkereza mbao.